Tupeane uzoefu: Kuku aliyetokwa na kizazi nje, mlimuuguzaje mpaka akapona?

Mfugaji wa Uani
Wakuu, habari za saa hizi. Kila mara mtu akiuliza kuhusu kuku aliyetokeza nyama nyekundu nyuma baada ya kutaga, majibu huwa mawili tu: "chinja" au "rudisha kwa kidole". Leo tuwasikie waliouguza mpaka mwisho, na walioshindwa pia waseme.

Naanza. Wangu alikuwa mtetea mnene, mtagaji hodari, mayai makubwa na mengine ya viini viwili. Nilimkuta kajibanza nyuma ya kiota, nyama imetokeza ukubwa wa limau, inang'aa, imeganda maranda, na mwenzake mmoja keshaanza kuinyemelea. Nikamtoa bandani kabla ya kufanya lolote lingine. Kuku wakiona chekundu kinachong'aa hawana huruma, watadonoa na kuvuta mpaka matumbo yatoke. Wengi wanaokutwa wamekufa, kilichowaua ni midomo ya wenzao.

Nilimfunga taulo mabawa yatulie, nikamkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mpaka uchafu ukaachia wenyewe. Usisugue, ile ngozi ni laini mno. Nikapapasa tumbo kuhakikisha hakuna yai lililokwama. Kisha nikaipaka sukari na kuiacha kama dakika kumi. Sukari inavuta maji kutoka kwenye uvimbe, unaiona nyama inanywea huku unaitazama. Nikasuuza, nikavaa glovu, nikapaka mafuta ya kulainisha, nikaisukuma taratibu kuanzia katikati, nikaishikilia ndani kidogo mpaka kuku akaacha kukamua.

Ikarudi vizuri. Kesho yake akataga, ikatoka tena. Wakuu, kurudisha ni kazi ya dakika chache. Shughuli yenyewe ni kumzuia asitage mpaka nyama zishike.

Mama Tetea
Kaka, hapo kwenye kutaga umepagusa penyewe. Wangu alikuwa tembe, yaani kuku jike mchanga, kaanza kutaga mwili haujakomaa, nyonga bado nyembamba. Nilimweka kwenye boksi kubwa chumba cha giza, mwanga saa sita hadi nane tu kwa siku, muda huohuo anakula na kunywa. Chakula cha kuku wa mayai nikamwondolea, nikampa nafaka kidogo na majani. Maji usimnyime hata kidogo. Giza nalo lisiwe joto, hewa ipite.

Siri ni mwanga. Kuku akipata mchana mrefu, ubongo unaamrisha mayai yatengenezwe. Ukiufupisha, amri inakatika. Ila haikatiki siku hiyohiyo: yai lililokwisha kuingia njiani linachukua kama saa 25 kutoka, na nyuma yake kuna viini vingine vimeshaiva. Kwa hiyo siku za mwanzo tegemea kizazi kitatoka tena; kikitoka, osha, rudisha, usikate tamaa. Wangu alikaa gizani hadi akaacha kabisa kutaga, na aliporudi kwenye mwanga nilimwongezea kidogo kidogo.

Punguza pia manyoya ya huko nyuma, kinyesi kisigande. Na wanaopaka dawa ya bawasiri, someni boksi kwanza. Ikiwa na ganzi ndani, iacheni, ndege hawaivumilii kama sisi.

Banda la Babu
Nawaheshimu wanangu, lakini mimi si wa kuuguza kila kuku. Naangalia rangi. Nyama ikiwa ya waridi au nyekundu na ina unyevu, bado ina uhai, hangaika nayo. Ikishakuwa nyeusi, imekauka na inanuka, imekufa hiyo, ukiirudisha ndani unarudisha uozo. Aliyekwisha kudonolewa utumbo, huyo ni kumpumzisha haraka asiteseke. Na mtetea mzee anayerudia kila anaporudi kwenye kutaga, kumpeleka gizani mara kwa mara ni kumsumbua tu. Mimi hapo nachinja, mradi hajapewa dawa ambayo siku zake za kusubiri (mpaka dawa iishe mwilini ndipo aliwe) hazijaisha.

Mgeni Bandani
Shikamoo Babu. Naomba kuuliza wakubwa: wangu akitaga naona kitu chekundu kinatokeza na yai, halafu kinarudi chenyewe. Ndiyo ugonjwa huu?

Mama Tetea
Hapana mdogo wangu, huyo mzima. Kuku ndivyo anavyotaga: sehemu ya mwisho ya njia ya yai hujipindua nje pamoja na yai ili lisiguse kinyesi, kisha inajirudisha mara moja. Shtuka ikibaki nje, au ukiona damu kwenye maganda mara kwa mara.

Kifaranga Mkuu
Wangu kilitoka na yai likiwa ndani ya ile nyama, unaliona jeupe kwenye tundu. Kila jirani ananiambia livute. Sikuvuta. Nilimkalisha kwenye maji ya uvuguvugu, nikapaka mafuta kuzunguka, halikutoka, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alilitoboa kwa sindano, akanyonya vilivyomo, ganda akalibonyeza na kulitoa polepole huku mkono mwingine umeshikilia nyama. Akaniambia yai likipasukia ndani vipande vinakata kama wembe. Kile kidole chake kilivyotulia, mimi nisingeweza.

Halafu jamani tuangalie na chanzo. Daktari alinihoji kuhusu chakula, akamshika kuku tumbo, akasema mafuta yamejaa. Mnene njia yake inabanwa, akitaga anakamua kupita kiasi. Kalisi, yaani madini ya kalsiamu, ikipungua nayo misuli inalegea. Chakula cha kuku wa mayai kinatakiwa kiwe na kalisi kama asilimia 3.5 hadi 4, lakini matembe wasipewe hicho mapema, figo zao zitaumia. Sasa naweka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni, kila mmoja anajichotea. Na taa za kuongeza mchana nimezizima mpaka matembe wakue.

Mfugaji wa Uani
Ahsanteni sana. Wangu nilimrudisha kwa wenzake akiwa kwanza kwenye kizimba cha wavu ndani ya banda lilelile, wamzoee upya, maana aliyekaa nje muda mrefu hupigwa kama mgeni. Swali la mwisho: mayai anayotaga akiwa anauguzwa, mnakula?

Banda la Babu
Kama ni maji, chumvi na sukari tu, na ganda ni zima na safi, mimi nakula. Akishapewa antibayotiki, naifuata karatasi ya dawa, hadi siku zake ziishe mayai yote nayafukia.

Mama Tetea
Hata mbwa usimpe, Babu. Umesema vema kufukia.