Slivu ya tumbo (upasuaji wa kulikata tumbo libaki dogo): mliofanya mmeishiaje? Nipo Unguja, naomba ushauri

Bint_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie mzaliwa wa Pemba, naishi Mwanakwerekwe, nna miaka 34. Kimo sm 160, uzito kilo 128. Sukari nnayo mwaka wa nne, presha wa pili, magoti yananiuma hadi nasali juu ya kiti. Urojo na soda nimeacha. Miezi saba nimetembea Maisara kila alfajiri, nikashuka kilo 9, kisha zikarudi 11. Usiku kiungulia kinaniamsha, nalala na mito mitatu.

Daktari kaniambia nifikirie slivu. Mume wangu yuko tayari kuuza kiwanja. Nnachoogopa ni kiwanja kiende halafu mwili urudi. Na bado hatujajaaliwa mtoto. Shangazi yake anasema huko ni kubadili umbile la Mungu. Niambieni ukweli, mazuri na mabaya.

Umm_Nassir
Waalaykum salaam mdogo wangu. Mie nilifanyiwa India, huu mwaka wa nne. Niliingia na kilo 121. Mwaka na nusu baadae nilikuwa 84, leo nna 90. Kwa hiyo ndiyo, zimerudi sita, na nazijua zilivyorudi: vitu laini. Nyama inakuzuia yenyewe, lakini haluwa na juisi ya muwa zinateremka bila kukwama.

Wiki za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa tu. Chombo changu kilikuwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya barazani. Kikombe kimoja cha supu nakimaliza kwa nusu saa, nikiharakisha nashikwa na maumivu kifuani kama nimemeza jiwe. Mpaka leo kipande cha nguru na vijiko vitatu vya wali vinanitosha. Maji siwezi kuyagugumia, na joto letu hili unalijua, basi chupa haibanduki mkononi, nadonoa siku nzima.

Mwezi wa nne nywele zilijaa kwenye kitana, nikalia. Zilirudi. Vidonge vya sukari daktari alivipunguza mapema, kisha akaniachisha kabisa. Presha bado nameza kimoja. Na hedhi iliyokuwa ikipotea miezi mitatu mitatu ilikaa sawa. Nnaweza kuinuka kwenye sijda bila kushika ukuta. Kwa hilo peke yake sijutii.

Kijana_wa_Nungwi
Kwa nini usivuke Dar ukawekewa puto la tumboni pale hospitali ya Mloganzila? Hukatwi popote.

Nesi_Wodini
Puto ni la muda, baada ya miezi linatolewa, na wengi mwili huwarudia. Kwa kilo 128 na sukari juu, daktari wake hakukosea kutaja upasuaji.

Ila dada, mbona kiungulia umekitaja kama jambo dogo? Mie ndipo niliposimama. Slivu inaondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndiyo maana hamu hupungua. Lakini bomba lile lina presha kubwa ndani, asidi inapanda. Finland waliwafuata wagonjwa miaka 10, matokeo yakatoka 2022: waliofanyiwa slivu, asilimia 31 walikutwa na majeraha ya asidi kwenye umio; wa baipasi, ambao utumbo huunganishwa upya, asilimia 7. Mtu mwenye kiungulia cha kulalia mito mitatu apimwe kwa kamera ya kooni kwanza, kabla hata ya kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Huenda baipasi ndiyo yako.

Na uzito tuuhesabu. Kwa kimo chako, kilo 64 ndiyo mwisho wa kawaida, kwa hiyo ziada yako nayo ni 64. Kwenye utafiti ule, baada ya miaka 10 wa slivu walikuwa wameshusha kama asilimia 43 ya ziada. Kwako ni kilo 27 hivi: ungebaki kwenye 100. Wapo wanaoshuka zaidi, wapo chini ya hapo. Usiuze kiwanja kwa kutarajia kilo 60.

Hatari ya siku za mwanzo ni kutoka damu na mshono kuvuja. Ni wachache, lakini ukirudi kisiwani ukapata homa, moyo kwenda mbio au maumivu ya tumbo, usikae nyumbani kunywa panadol. Jua kabla ya kusafiri utamuona daktari gani hapa. Halafu vitamini na madini ya chuma ni maisha, pamoja na kupima damu.

Mtoto: subiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Tumieni uzazi wa mpango, maana mwili ukipungua mimba huweza kuingia ghafla.

Babu_Malindi
Mwanangu, la shangazi mpelekeeni sheikh mnayemuamini. Nenda na mumeo, mtajieni sukari, presha na magoti. Mkimwambia "anataka kupungua" tu, mtajibiwa swali jengine.

Bint_Wete
Nimesoma yote nikamsomea na mume wangu. Kiungulia nilidhani ni pilipili. Kiwanja tumekisimamisha, nimeomba kipimo cha kamera, napimwa Jumanne in shaa Allah. Umm_Nassir, na unga wa protini unanunua wapi, Darajani?

Umm_Nassir
Nilinunua makopo mawili tu, ghali. Sasa nala mayai, choroko na pweza niliyemchemsha hadi akalainika. Ukishapata majibu ya kamera njoo nyumbani Jang'ombe tuyasome pamoja, na kikombe changu bado nnacho.