Vazi la maboksi linanilalia upande. Nimekosea wapi?

Binti_wa_Pantoni:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, na naomba msome mpaka mwisho kabla ya kucheka.

Nasoma usanifu majengo, mwaka wa kwanza. Tumepewa kazi ya kutengeneza kitu cha kuvaa kinachoonyesha nafasi unayoihitaji wewe kati yako na watu. Vipande bapa tu, vishikane kwa kuchomekana. Gundi marufuku, selotepu marufuku, hata uzi. Na siku ya kuwasilisha unapita mlangoni ukiwa umekivaa.

Darasani tulisoma habari za Edward T. Hall, yule Mmarekani aliyeandika mwaka 1966 kwamba chini ya sentimita 45 ni eneo la mtu wa karibu kabisa, na kutoka hapo hadi mita 1.2 ni la marafiki na jamaa. Nikaichukua hiyo 45 nikaizungusha kiunoni pande zote: mbavu 12 za kusimama, pete mbili za kulala. Nimetumia boksi la friji la jirani, unene milimita 4. Mikato ya kuchomekea nikaikata upana wa milimita 5 ili vipande viingie kirahisi.

Vimeingia kirahisi kweli. Nikivaa, mbavu zote zinalala upande mmoja kama abiria daladala likikata kona. Pete ya chini imechanika sehemu tatu. Kaka yangu anasema nimevaa tenga la kuku.

Ila kuna kingine kinanisumbua kuliko kuchanika. Nakaa Kigamboni, kila asubuhi navuka na pantoni. Pale getini kabla hawajafungua, sentimita 45 ni hadithi. Kifua cha mtu kiko mgongoni kwangu, begi nimelikumbatia mbele, ndoo tupu ya mama anayewahi samaki soko la Feri inanigonga goti. Wala sijioni nimeonewa. Tukishaingia, watu wakatawanyika, mtu yuleyule akija kunisimamia karibu vile nahama. Sasa hilo duara langu linaeleza nini?

Mzee_wa_Kona:
Ada inalipwa ili mtu avae boksi. Haya.

Fundi_Mabango:
Mdogo wangu, achana na huyo. Kinachokuangusha ni hiyo milimita moja. Mkato ukilegea, ubavu lazima ulale, na zikiwa 12 zinalala pamoja. Plaiwudi unakata sawasawa na unene wake. Boksi linabonyea, kwa hiyo punguza: boksi la 4, mkato 3.5. Mdomo wa mkato utanue kidogo kipande kipate pa kuanzia. Kina ni nusu kwa nusu. Kama vinapishana sentimita 10, ubavu ukatwe tano na pete tano.

Halafu chungulia ukingo wa boksi, utaona mawimbi. Boksi hukunjika kwa kufuata wimbi, na huchanika kwa kufuata wimbi. Ubavu unaotoka kiunoni kwenda nje, mawimbi nayo yatoke kiunoni kwenda nje. Ukiyasimamisha, ubavu unajikunja kama mlango. Pete ndiyo yenye mtihani, maana mikato inazunguka lakini mawimbi yamenyooka. Nakuhakikishia imechanika pande mbili zinazotazamana, pale mkato ulipoenda sambamba na wimbi. Usiikate nzima. Kata robo nne, kila robo mawimbi yakatishe mikato, ncha uzichonge kulabu zishikane.

Na usiliache boksi sakafuni usiku. Kwa upepo wa bahari huko kwenu asubuhi utalikuta laini kama mkate uliochovywa chai.

Binti_wa_Pantoni:
Kaka, nimekwenda kuangalia. Mbili zinatazamana kama ulivyosema! Ya tatu niliivuta mwenyewe kwa hasira.

Mama_Cherehani:
Mwanangu, mimi nashona magauni ya harusi Magomeni, nitasema ninachokijua. Uzito usiuweke kiunoni, utateleza. Uweke juu ya nyonga. Mshipi ukate kwenye boksi hilohilo, upana wa vidole vinne, mawimbi yasimame ili upinde vizuri kuzunguka mwili.

Wanawake wa Ulaya miaka ya 1850 walivaa pete za chuma chini ya gauni, zinaitwa krinolini. Gauni pana kweli, lakini mtu alikaa kitini. Kwa sababu pete zilining'inizwa kwa tepe za kitambaa. Akikaa, zinapanda zenyewe na kulaliana. Lako limekakamaa. Mlangoni utapita, kukaa hutakaa.

Na wewe umeandika mwenyewe kwamba getini umekumbatia begi mbele. Mgongo je? Umemwachia mtu kifua chake na hukulalamika. Nani alikuambia ukinge nyuma?

Jumla_Manzese:
Sijui usanifu, nauza vinywaji vya chupa kwa jumla. Fungua boksi la chupa za kioo utazame vigawanyo vya ndani. Ni vipande bapa vimechomekana mirabamiraba, havina gundi. Ukivisukuma kwa kona vinalala, ukivivuta vinasimama. Huko kulala unakolalamikia, kwenye maboksi yangu ndiyo kazi yake.

Binti_wa_Pantoni:
Shikamoo mama. Wakuu wote asanteni, hata Mzee wa Kona.

Duara nimelitupa. Nyuma sijaweka kitu. Mbele nimetengeneza vigawanyo vya chupa vya kuvaa: vipande vitatu sambamba na kifua, sita vinavyotoka kifuani kwenda mbele, urefu wa sentimita 32. Boksi la friji lilikataa kulala, ni nene, kona zinajibana. Nimehamia maboksi membamba ya milimita 2, na hapo Kaka Fundi unisamehe, mikato nimeilegeza hadi 6. Mshipi wa mama peke yake ndio nimeukaza kwa hesabu yako, na umekaa.

Nikilivuta, lina sentimita 32. Nikilisukuma kwa kiganja linalala kulia na kubaki shubiri moja hivi, karibu unene wa begi langu. Sikulipima liwe hivyo; limegoma lenyewe hapo.

Tatizo jipya: likipungua mbele, linatokeza kulia. Karibu sentimita 25 zinamwingia aliye pembeni yangu. Nimejaribu sebuleni na mdogo wangu kasimama kulia, kona ikamchoma mbavuni, akanisukuma. Nilitaka kuzikata hizo kona. Halafu nikakumbuka pale getini, nikilibana begi kifuani, kiwiko changu huwa kinakwenda wapi.

Kona nimeziacha. Nawasilisha Alhamisi. Kaka amekubali kunibebea hadi ng'ambo, ila kasema akiulizwa ni nini, atajibu tenga.