Mbwa wa laki nne na nusu

Kikundi: MAJIRANI MWANGA, KIGOMA
Jumamosi

Mama Salma: Habari za asubuhi majirani. Nauliza kwa upole kabla sijapandisha sauti. Lile limbwa lenye mkanda mwekundu shingoni ni la nani? Nimeanika dagaa kwenye turubai, nikaingia ndani kufuata simu inayoita, natoka nalikuta limelala katikati ya turubai linakula bila hata kunyanyua kichwa.

Fundi Rajabu: 😂😂😂

Mama Salma: Rajabu usinicheke. Hao ni dagaa wa oda, kesho wanapanda basi kwenda Dar. Nimewatoa Kibirizi kwa mkopo wa kikoba.

Mama Baraka: Mkanda mwekundu? Basi ndiye huyohuyo aliyemkimbiza Baraka jana jioni akitoka tuisheni. Kamparura shavu la mguu, damu kidogo tu. Nimempaka chumvi na ndimu, kalala vizuri.

Bwana Mifugo: Mama Baraka, kamparura kwa kucha au kwa jino?

Mama Baraka: Mwenyewe anasema jino.

Bwana Mifugo: Acha kila kitu. Kioshe kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 ukiangalia saa. Usipake chumvi, ndimu, mafuta ya taa wala majani. Ukimaliza panda boda mpaka hospitali, waambie mtoto kang'atwa na mbwa, wamwanzishie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama ataumwa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Mama Baraka: Mungu wangu. Natoka.

Mzee Issa (Mjumbe): Mwenye mbwa ajitokeze. Naona tiki za bluu zimejaa humu na watu wamenyamaza.

Baba Glory: Shikamoo mjumbe. Wakuu habarini. Mbwa ni wangu, anaitwa Simba. Alikata kamba usiku wa kuamkia jana. Poleni sana.

Fundi Rajabu: Ungemwita Yanga angekuwa na adabu.

Mzee Issa (Mjumbe): Marahaba. Amechanjwa?

Baba Glory: Aliyeniuzia alisema amechanjwa zote.

Bwana Mifugo: Kadi yake iko wapi?

Baba Glory: Alisema angeituma.

Bwana Mifugo: Alikuwa na umri gani ulipomnunua?

Baba Glory: Wiki sita. Ilikuwa Desemba, niko Dar kikazi, Glory ananipigia kila siku kuulizia zawadi ya Krismasi. Jamaa anauza barabarani, watoto watano kwenye boksi, foleni imesimama. Nikashusha kioo. Jemani shepadi halisi, laki nne na nusu.

Bwana Mifugo: Chanjo ya kichaa kwa kawaida tunaanza kuichoma mbwa akifika miezi mitatu. Wa wiki sita hawezi kuwa "amechanjwa zote", ndugu yangu. Hata kumtenga na mama yake kulikuwa bado, walau wiki nane. Hapo ndipo anapojifunza na wenzake kwamba kung'ata kunauma. Anayetolewa mapema anakuja kujifunzia kwenye miguu ya watoto wetu.

Bwana Mifugo: Afungwe leo kwa mnyororo, si kamba ya manila. Asiuawe, na wala asipelekwe kijijini kimyakimya. Tunamwangalia siku 10. Kama alikuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa, tutajua. Ila mtoto hasubiri hizo siku, anaendelea na chanjo.

Baba Glory: Sawa daktari. Zikiisha hizo siku anauzwa. Laki saba, maongezi yapo. Bei zimepanda wakuu, angalieni mitandaoni mtoto tu wa shepadi wanavyomtaja. Huyu ameshakuzwa.

Fundi Rajabu: Tuma picha.

Baba Glory: [Picha]

Fundi Rajabu: Mbona masikio yote mawili yamelala?

Baba Glory: Yatasimama.

Bwana Mifugo: Ya shepadi mengi yanakuwa yameshasimama kufikia miezi sita, saba hivi. Huyu ana minane na ushee. Hata ule mkia unaojikunja juu ya mgongo si wa shepadi.

Mama Salma: Kwa hiyo umenunua koko kwa laki nne na nusu? Huku Gungu unapewa bure, na unabembelezwa uchukue wawili.

Baba Glory: Mama Salma, dagaa nitalipa. Usinivunjie biashara.

Eliya: Mimi naona mnacheka wakati fursa iko mbele yenu. Chukua jike safi. Anazaa mara mbili kwa mwaka, weka watoto saba kila uzao, uza laki nne kila mmoja. Hiyo ni milioni 5 na laki 6 kwa jike mmoja. Nani ana kiwanja tuanze?

Mzee Issa (Mjumbe): Eliya, hata kware walikuwa na hesabu nzuri kwenye karatasi.

Fundi Rajabu: Banda la kware la kaka yangu sasa ni stoo ya mkaa.

Bwana Mifugo: Eliya, ngoja nikupe upande wa pili wa hiyo karatasi. Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Jike akiingia joto mara ya kwanza, yaani anapotaka dume, hupandishi, bado mtoto. Wala humzalishi kila joto, utammaliza. Mimba ikikamilika na maziwa yakija, jike mwenye watoto saba anakula kuliko wewe. Wiki ya sita hivi unaanza chanjo za watoto, na unarudia kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya 16. Ukiruka, ugonjwa wa virusi unaoitwa parvo ukiingia wanaharisha damu na kutapika, na siku mbili zinatosha kukuachia boksi tupu. Na virusi vyake vinabaki kwenye udongo wa banda miezi mingi, hata mwaka, vinasubiri uzao unaofuata. Minyoo sijataja. Kupe sijataja. Na Kigoma hii wateja saba wa laki nne utawatoa wapi kila miezi sita?

Eliya: Daktari umeniua kabla sijazaliwa.

Bwana Mifugo: Wasiouzika ndio wanaofunguliwa usiku, wanahamia dampo. Sisi ndio tunaoitwa wakishang'ata.

Neema (Birmingham): Shikamooni wakubwa. Nimeamka nikakuta meseji mia, nikajua mtaani kuna msiba, kumbe mbwa 😅 Baraka anaendeleaje?

Mzee Issa (Mjumbe): Marahaba mwanangu. Wako hospitali, tunangoja habari.

Neema (Birmingham): Mungu amsaidie. Hayo ya Baba Glory huku tumeyaona kwa macho. Mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani na korona, kila mtu alitaka mbwa wa kukaa naye. Bei za watoto zikapanda karibu maradufu kwa muda mfupi, aina zinazopendwa zikapita pauni elfu mbili. Watu wakaibiana mbwa mpaka serikali ikaunda kikosi kazi cha kushughulikia wizi huo. Kazi zilipofunguliwa, mbwa hajawahi kuachwa peke yake, analia kutwa, anatafuna makochi. Gharama za maisha nazo zikapanda. Vituo vya kulea mbwa walioachwa vikaelemewa. Mzee ninayemhudumia alichukua mmoja kutoka huko, mpaka leo ukigusa kitasa cha mlango anakojoa kwa woga.

Neema (Birmingham): Na hilo la boksi barabarani: tangu Aprili 2020 England kuna sheria inaitwa Lucy's Law. Muuzaji wa katikati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita. Unakwenda kwa mfugaji mwenyewe, na unamwona mtoto akiwa na mama yake. Lucy ni mbwa aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia mbwa wa kuuza, uti wa mgongo umepinda kwa kukaa kwenye kizimba.

Mama Salma: Kumwona mama yake! Hilo tu lingekuonyesha yale masikio, Baba Glory.

Neema (Birmingham): Kuna shirika huku, Dogs Trust, lina msemo wake tangu mwaka 1978: mbwa ni wa maisha, si wa Krismasi tu.

Fundi Rajabu: Kumbe Baba Glory walimjua mapema.

Baba Glory: Ujumbe huu umefutwa

Mzee Issa (Mjumbe): Tuheshimiane. Mimi mbwa sipingi. Hata kwetu Waislamu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Lakini mate yake ni najisi. Akilamba sufuria ya Mama Salma, huyu mama anaiosha mara saba, moja kwa udongo. Kazi hiyo nani anamlipa? Mbwa akae ndani ya uzio wa mwenyewe.

Mama Salma: Ahsante mjumbe. Na mimi sitaki pole, nataka sado mbili za dagaa wakavu, wasio na mchanga, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mama Baraka: Tumeshatoka. Kachomwa ya kwanza, kapewa tarehe za kurudi. Kidonda wamekiosha upya, nesi kanigombeza kwa ile ndimu. Baba Glory nimekutumia picha ya risiti, na nauli za boda ziko kwa kalamu pembeni.

Baba Glory: Nimeona dada. Ngoja mwisho wa mwezi.

Mama Baraka: Tarehe ya kurudi ni Jumanne, si mwisho wa mwezi.

Mama Glory: Nilikuwa sokoni, simu iko kwenye kapu. Nimesoma yote. Mama Baraka pole mno, jioni nakuja kumwona mtoto. Mama Salma dagaa wako ninao mkononi, nimeshawanunua, Glory anakuletea.

Mama Glory: Sasa nisemeshe na mwenye mbwa humuhumu, maana nyumbani hasikii. Zawadi ulileta wewe, ugali wa mbwa nasonga mimi. Sado ya dona haifiki siku nne. Kila jioni namwomba muuza samaki vichwa vya migebuka mpaka ananikwepa. Dawa ya kupe nimenunua mimi. Wewe unachofanya ni kupiga naye picha.

Fundi Rajabu: 👀

Baba Glory: Mama Glory haya tungeongea ndani.

Mama Glory: Simba hauzwi. Utamuuzia nani mbwa aliyeng'ata mtoto wa jirani, akang'ate wa nani tena? Glory ameshamzoea, na mbwa mwenyewe akiisikia sauti yake anatulia. Daktari, zile siku 10 zikiisha njoo na sindano zako zote, na ya kumhasi pia. Baba Glory atajenga uzio.

Bwana Mifugo: Nitakuja mama. Na banda liwe na kivuli na maji muda wote. Asifungwe kutwa nzima, usiku mumfungulie ndani ya uzio, la sivyo ukali utazidi.

Baba Glory: Uzio kwa hela gani?

Mama Glory: Ya sabufa. Ndiyo inayouzwa. Tangu tumepata Simba hatulali kwa kubweka, na kabla ya Simba hatukulala kwa sabufa. Kimoja kinatosha.

Fundi Rajabu: Shemeji, hiyo sabufa ina spika ngapi?

Mama Glory: Njoo uzihesabu mwenyewe, Rajabu. Uje na hela.