Hubert Walter alikuwa askofu au mtawala?

Mleta mada:
Wakuu habari za saa hizi. Nasoma mambo ya Uingereza ya zamani nimekutana na huyu Hubert Walter, Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1193, na mwisho wa mwaka huohuo akakabidhiwa nchi nzima aiendeshe kwa niaba ya mfalme Richard (cheo hicho kiliitwa hakimu mkuu), halafu 1199 akawa chansela, yaani msimamizi wa nyaraka na mhuri, wa mfalme John. Mtu mmoja anashikaje madhabahu na serikali kwa pamoja? Na mbona Thomas Becket wa Canterbury hiyohiyo kila mtu anamjua ila huyu hatajwi?

Jibu 1:
Mkuu, Becket aliuliwa kanisani 1170 akawa mtakatifu, watu wakamiminika kuhiji kaburini kwake. Hubert aliugua tu akafa, Julai 1205. Kuhusu vyeo, zama zile wasomi wa Kilatini wengi walikuwa watu wa kanisa so mfalme akitaka karani au hakimu anawachukua hukohuko. Na huyu kalelewa kwa Ranulf de Glanvill, hakimu mkuu wa Henry II, mambo ya serikali kayakuta nyumbani. Usisahau pia Vita vya Msalaba, pale kwenye mji wa Akka waliouzingira, njaa ilipowabana 1190 yeye ndo alichangisha kwa wenye nacho ili askari maskini wale, na baadae akaonana na Salahuddin, kiongozi wa Waislamu, uso kwa uso akamwomba mapadri wawili na mashemasi wawili wahudumu kwenye Kaburi la Yesu, akakubaliwa.

Jibu 2:
Mimi simsifii hivyo. Richard alipotekwa akirudi kutoka vita hivyo ilitakiwa marki 150,000 (marki ni kipimo cha fedha cha zama hizo) kumkomboa, watu wakakamuliwa robo ya mapato na mali zao, hadi vikombe vya misa vikachukuliwa. Kodi zikaendelea, na London wakubwa wakawa wanawatupia mzigo maskini. 1196 akatokea William FitzOsbert kuwatetea, akakimbilia kanisa la St Mary-le-Bow, na Hubert ndo aliyeamuru liwashwe moto ili atoke! Askofu mkuu kabisa, kanisa lililo chini yake mwenyewe. FitzOsbert akanyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu, pamoja na wenzake tisa. Watawa wa Canterbury walimlalamikia sana, na 1198 akaachia ule uhakimu mkuu. Kwangu hilo doa halifutiki.

Jibu 3:
Jibu 2 uko sahihi na mimi silitetei hilo la moto, ila kuna jambo lake moja linanigusa sana maana kwetu tulisumbuka miaka na kesi ya shamba kwa sababu nakala ilikuwa moja tu na ikapotea. Zamani watu wakimaliza kesi ya ardhi mahakamani kwa mfalme, mapatano yanaandikwa mara mbili, kila upande na yake. Julai 1195 Hubert akaagiza iwe mara tatu. Yan ni ngozi moja, nakala mbili juu ubavu kwa ubavu, ya tatu chini kama mguu, halafu inakatwa kwa mstari wa mawimbi unaopita katikati ya maandishi. Ule mguu unaenda hazina ya mfalme. Mtu akighushi ya kwake, mawimbi hayakutani. Ya kwanza kabisa ilikuwa kesi ya Theobald, ndugu yake mwenyewe Hubert, na utaratibu huo ukadumu mpaka karne ya 19.

Mleta mada:
Asanteni sana. Hiyo ya ngozi ndo sikuijua kabisa, leo silali naitafuta.