Treni ya juu ya Detroit: irefushwe, ibomolewe au iachwe izunguke tu?

Fundi Reli:
Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu wengi humu mko Michigan, na mlioko nyumbani mna mwendokasi na SGR, kwa hiyo hamtakosa la kusema. Katikati ya Detroit kuna treni inaitwa People Mover. Haina dereva, inapita juu ya nguzo, imeanza Julai 1987. Njia yake ni duara moja la maili 2.9, kama kilomita 4.7, vituo 13, na inazunguka upande mmoja tu. Kikikupita kituo chako, unauzunguka mji kukirudia. Wakati wa kuipanga walipiga hesabu ya abiria zaidi ya elfu 60 kwa siku, ilipoanza ikapata kama elfu 11. Tangu Januari 2024 hakuna nauli na abiria wameongezeka, lakini siku isiyo na mechi wala maonyesho bado unaona behewa linapita limebeba watu wa kuhesabu kwa vidole.

Wapo wanaotaka ipande na barabara ya Woodward hadi New Center, ilipo stesheni ya Amtrak, treni za masafa marefu. Wapo wanaotaka ifike Michigan Central, stesheni iliyokaa gofu miaka mingi hadi Ford wakaikarabati na kuifungua Juni 2024. Wengine wanasema iongezwe reli ya pili, treni ziende na kurudi. Na wapo wanaosema ing'olewe, hela zihamie kwenye mabasi. Mimi nasema irefushwe. Reli isiyofika wanakolala watu haiwezi kujaa, hata viti vyake uvipake dhahabu. Vancouver wana treni za teknolojia hii hii, walizianza kwa ajili ya maonyesho ya Expo 86, wakazipeleka hadi vitongojini, na leo zinajaa. Karibuni, hoja kwa hoja.

Mzalendo Kimara:
Yaani treni ina viti, ina joto wakati wa baridi, ni bure, na bado hampandi? Huku Kimara asubuhi basi linafika limeshajaa, mlango unafunguka hashuki mtu, na nauli inalipwa. Nyie wa ughaibuni mmezoea kubebwa. Mswahili akishapata leseni huko, basi halioni tena, anaona aibu hata kuonekana kituoni.

Mchumi wa Mtaa:
Fundi Reli, Woodward tayari ina tramu ya QLine tangu 2017, inatoka mjini inafika huko huko New Center. Unataka ujenge nguzo juu ya reli iliyopo chini? Tatizo si urefu. Mpango wa serikali kuu ulioleta treni hizi ulizaa tatu tu: Miami, Detroit na Jacksonville. Miami ilianza 1986, ikaongezewa matawi ya Omni na Brickell mwaka 1994, nauli ikafutwa 2002, na leo watu wanaitegemea kwa sababu inapokea abiria wa treni kubwa ya Metrorail na maghorofa yameota kando ya vituo vyake. Jacksonville nao wamefuta nauli tangu 2012 na treni yao iko tupu, sasa wanaingiza vigari visivyo na dereva. Bure kwa bure, matokeo tofauti. Bila watu kando ya vituo, kurefusha ni kurefusha hasara.

Mama Neema:
Mzalendo, aibu ya kuonekana kituoni? Mimi nalea wazee, zamu ya usiku, nje ya mji. Kituo changu ni nguzo yenye kibao, hakuna kibanda. Theluji ikianguka, gari la kusafisha barabara linaisukuma yote pembeni, inakuwa tuta la kufika kiunoni hapo hapo kwenye nguzo. Kwa hiyo unalisubiri basi ukiwa umesimama barabarani, gizani, magari yanakupita karibu yakugonge, na dereva asipokuona anapita zake. Nikachukua gari la mkopo, riba yake ya kunyonga, na bima ya gari ya Detroit ni kati ya zilizo ghali kuliko zote Marekani. Hilo unaliita kubebwa? Hiyo treni yenu haipiti kwangu, haipiti kazini kwangu, wala haipiti kwa mtu yeyote ninayemjua.

Mzalendo Kimara:
Dada yangu, sikukutaja wewe. Nimesema kwa ujumla. Ila ukweli ubaki pale pale, kitu cha bure hakithaminiwi. Wangelipishwa hata senti 75 kama zamani wangeiheshimu.

Mwana wa Likoni:
Hapo kwenye bure umenigusa, Mzalendo. Feri yetu ya Likoni mtembea kwa miguu halipi hata ndururu, na kila alfajiri imefurika watu wa Mtongwe na Shika Adabu wanaoenda kutafuta riziki kisiwani. Hao nao wanabebwa? Hao ndio wanaoiweka Mombasa mjini ikiwa hai. Mtu anayesema nauli ndiyo heshima hajawahi kuhesabu sarafu kabla ya kutoka nyumbani.

Mzalendo Kimara:
Usilete feri hapa. Feri watu wanapanda kwa sababu mbele yao ni bahari, wataogelea?

Fundi Reli:
Mzalendo, bila kukusudia umesema jambo la maana kuliko yote. Watu hupanda kinachowavusha penye kizuizi. Kizuizi cha Detroit ni umbali, kazi ziko vitongojini na wasio na magari wako mjini. Mnakumbuka treni ya mjini pale Dar mwaka 2012, iliyoitwa ya Mwakyembe kwa jina la waziri? Mabehewa ya zamani, reli ya zamani, na bado watu walijazana, kwa sababu ilitoka wanakoishi watu ikaenda wanakofanya kazi. Hakuna aliyeuliza kama ni ya kisasa.

Mzee wa Vingunguti:
Ngoja nisahihishe. Treni ya Mwakyembe ilikuwa moja tu, ile ya TAZARA kwenda Mwakanga. Ya Ubungo ilikuwa ya TRL, shirika jingine la reli, mambo mengine kabisa.

Mzalendo Kimara:
Mzee wangu, hapana. Zote mbili zilianza pamoja Oktoba 2012 na watu waliziita hivyo hivyo zote, maana yeye ndiye alikuwa waziri. Ya Ubungo Maziwa ndiyo iliyobeba jina zaidi, waulize watu wa Mabibo.

Mzee wa Vingunguti:
Mimi nilikuwa napanda Vingunguti, kijana. Wewe ulikuwa unapandia wapi?

Mzalendo Kimara:
Umri si hoja, mzee.

Mchumi wa Mtaa:
Jamani, Detroit. Nguzo hizo zina umri wa karibu miaka 40, matengenezo yanakula hela kila mwaka, na mabasi ya jiji, pamoja na ubovu wake wote, yanabeba watu wengi mara kadhaa kuliko hiyo treni. Bomoeni, uzeni chuma chakavu, nunueni mabasi. Zile kelele juu ya barabara hazina faida kwa mtu.

Babu Dearborn:
Wanangu, hili la kubomoa limeniuma moyoni. Niko huku tangu meya ni Coleman Young. Mwaka 1976 Rais Ford aliahidi dola milioni 600 zijengwe njia kubwa za reli, jiji na vitongoji wakagombana hadi hela ikapotea. Kiduara hiki kilikusudiwa kiwe cha kuwasambaza mjini watu walioletwa na treni kubwa. Treni kubwa hazikuja. Sasa mnakihukumu kwa kazi ambayo hakikupewa.

Na msiseme hakuna kitu mle. Panda hadi kituo cha Grand Circus Park umwone mtu wa shaba amesimama anasoma gazeti, ukubwa wa mtu kabisa. Abiria wageni humpisha njia kwa kumdhania mwenzao. Cadillac Center ukuta wote ni vigae vya Pewabic, vya mkono, vilivyochomwa hapo hapo Detroit, kijani chake kinabadilika kadiri jua linavyoingia. Kila kituo kina kazi yake ya sanaa. Mwaka 1998 walipolipua duka kuu la Hudson's, kifusi kilipiga njia ya treni, ikachukua kama mwaka kurudi kuzunguka duara zima. Wakaitengeneza wakati jiji halina hela. Leo hela zipo, mnataka chuma chakavu.

Mchumi wa Mtaa:
Shikamoo babu. Kwa heshima zote, vigae si usafiri. Vinaweza kuhamishiwa makumbusho. Na hilo neno "mnahukumu" silikubali, mimi nimeleta mfano wa Miami kwa ukamilifu na hakuna aliyeujibu. Kila mtu amekimbilia feri na Mwakyembe.

Babu Dearborn:
Marahaba. Kigae cha kituoni kinaonwa na mfagiaji anayeenda kazini. Cha makumbusho kinaonwa na mwenye nafasi.

Dereva wa Sterling Heights:
Mimi nakaa kaunti ya Macomb, vitongojini, nalipa kodi ya nyumba, naomba nami nisikike. Mwaka 2016 waliweka kura ya kodi ya usafiri ya kaunti nne, Wayne, Oakland, Washtenaw na sisi. Nilikuwa nimeshachukua uraia, nikapiga hapana, na kaunti yetu ilipiga hapana kwa wingi. Ikaanguka kwa kura chache. Sijutii. Nilipie miaka 20 treni na mabasi ya mjini ambayo watoto wangu hawatapanda? Kila anayetaka kurefusha treni aanze na swali la nani analipa.

Mama Neema:
Kwa hiyo ni wewe.

Dereva wa Sterling Heights:
Ni mimi nini?

Mama Neema:
Ni nyie mliopiga hapana halafu mnakuja kwenye misiba yetu na harusi zetu mnasema tushikamane. Mwaka mmoja kabla ya kura hiyo, magazeti yote yaliandika habari za yule baba wa Detroit aliyekuwa anakwenda kazini Rochester Hills, maili 21 kwa miguu kwenda na kurudi, kwa sababu mji ule ulikuwa umejitoa kwenye mabasi ya SMART, yale ya vitongojini. Kila mtu alilia, watu wakachanga hela, akapewa gari. Mwaka uliofuata wakaulizwa waweke mabasi kwa kila mtu, wakakataa. Yeye alipewa gari. Wengine sisi?

Dereva wa Sterling Heights:
Usinihusishe na mzee wa watu, sikumfanyia chochote. Na mambo ya misiba umeyaleta ya nini? Nimechangia misiba mingapi humu, waulize viongozi wa jumuiya. Nilipofika nchi hii hakuna aliyeniletea treni mlangoni.

Kadogo wa Nyarugusu:
Samahani wakubwa. Miye ni mpya huku, nilitokea kambi ya Nyarugusu na familia, wametuweka Detroit upande wa mashariki, karibu na Gratiot. Nimepata kazi ya kiwanda huko Warren, nitaanza saa moja asubuhi. Sina gari bado. Hiyo treni ya bure iko inafika?

Mwana wa Likoni:
Mdogo wangu, karibu. Treni hiyo inazunguka katikati ya mji tu, haifiki huko, usiihesabu. Ila Dereva, soma hilo swali polepole, kisha uwaambie wanao halitawahusu.

Dereva wa Sterling Heights:
Warren iko kaunti yangu, na Macomb mabasi ya SMART yamekuwepo siku zote, hatujawahi kujitoa kama miji ya Oakland, ilipo hiyo Rochester Hills. Oakland wamekubali kaunti nzima juzi tu, 2022. Msitupake matope sisi peke yetu.

Mama Neema:
Kadogo mwanangu, basi la SMART linapanda Gratiot hadi 8 Mile na kuendelea, lakini Warren ni kubwa, inategemea kiwanda kiko barabara ipi. Nitumie anwani faraghani nikutafutie pa kubadilishia. Siku ya kwanza toka nyumbani mapema zaidi kwa saa nzima, na vaa kitu kinachong'aa. Kituoni simama upande wenye taa, hata kama nguzo iko mbele kidogo.

Fundi Reli:
Nashukuru kwa swali la Kadogo, ndilo ningelianza nalo. Ukiwa na hela ya kuanza leo, ipeleke Gratiot kwenye mabasi ya kila dakika 10, hapo nakubaliana na Mchumi. Lakini kubomoa sikubali. Iongezwe reli ya pili ili mtu asizungushwe mji kwa safari ya vituo viwili, na ratiba yake ifungamane na basi la mwisho. Detroit wameshanunua mabehewa ya Toronto, ya ile njia ya Scarborough iliyofungwa 2023 baada ya behewa kuacha reli, kwa hiyo kubomoa hakumo kwenye mawazo yao. Basi tupange itumike.

Mchumi wa Mtaa:
Reli ya pili nguzo zile zitabeba? Nyingi zimejengwa kwa upana wa njia moja. Utasimamisha nguzo mpya katikati ya jiji, mbele ya maghorofa ya watu, kwa hela ya nani? Dereva ameshakuambia Macomb hawatoi.

Dereva wa Sterling Heights:
Sikusema Macomb hawatoi. Nimesema nilipiga hapana 2016. Leteni karatasi yenye njia, muda wa basi na kiwango cha kodi kwa nyumba ya thamani fulani, nitaisoma. Ile ya 2016 ilikuwa na ramani nzuri, lakini basi la karibu na kwangu lilikuwa mbali na kwangu.

Mama Neema:
Kwa hiyo na wewe ulitaka basi karibu na kwako.

Dereva wa Sterling Heights:
Mama yangu alikuwa anaishi na sisi wakati huo, haendeshi. Ndiyo, nilitaka.

Mzee wa Vingunguti:
Mzalendo bado hajasema alikuwa anapandia wapi.

Mzalendo Kimara:
Mabibo, mzee. Nilikuwa nasoma. Na treni iliitwa ya Mwakyembe.