Wembe wa kukunja wa zamani: unaukaguaje kwa picha kabla hujalipa?

Mnyoaji_Bham
Habari wakuu. Niko Birmingham huku, natafuta wembe wa kukunja wa zamani, ule wenyewe wa chuma kitupu, sio hizi za vinyozi za kuchomeka nusu kiwembe. Kuna mmoja nimeuona eBay, Wade & Butcher, chapa ya Sheffield hapa Uingereza, muuzaji anasema umesafishwa na uko tayari kunyolea. Kaweka picha tatu tu, na unang'aa mpaka unaona sura yako. Mnada unaisha Jumapili usiku. Sasa kwa picha tu mtu anajuaje kama wembe ni mzima au ni wa kupamba kabati? Kutu naijua nikiiona, ila nahisi kutu sio ugonjwa pekee. Na tafadhali msiniambie ninunue mpya, nimeupenda huu wa zamani na nataka kuununua kwa akili.

Fundi_Makali
Karibu mkuu. Mng'ao uache kwanza, anza na mgongo. Wembe huu ukinolewa unalazwa bapa kwenye jiwe, mgongo na makali vyote vinagusa, mgongo ndio unaoshika pembe. Maana yake kila ukinolewa na mgongo unalika. Kulika kidogo ni kawaida kabisa, wembe wa miaka mia utakuwa na kamstari bapa kembamba pande zote mbili za mgongo na wala usiogope. Ila ukiona upande mmoja ni mpana na wa pili mwembamba, au kwenye ncha umelika sana na kwenye kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa mpini, hamna kitu, hapo jua kuna mtu alikuwa anaukandamiza kwenye jiwe bovu, na kuurudisha sawa ni kazi ya kula chuma kingine tena. Sema hizo Wade & Butcher nyingi ni nene, ubavu haujachimbwa sana, kwa hiyo ule ubapa huwa mpana kwa asili yake, wewe angalia kama uko sawa pande zote.

Halafu makali. Weka rula juu ya skrini kabisa, kutoka kisigino mpaka ncha. Yakiwa yamenyooka safi, yakitokeza nje kidogo katikati pia safi, nyembe nyingi za Sheffield ziliundwa hivyo. Yakiwa yamebonyea ndani katikati achana nao, katikati hapatagusa jiwe wala ngozi yako. Na uliza upana wake. Wanapima kwa sehemu za nane za inchi, 5/8 ni kama milimita 16, 6/8 ni kama 19. Kama kisigino ni 6/8 na ncha ni 5/8, basi ncha imeshaliwa.

Dada_wa_Solingen
Naongeza kidogo, na kwenye mng'ao mimi napishana na Fundi, mng'ao usiuache kwa sababu wenyewe ni ushahidi. Vuta picha uangalie chapa pale shingoni, karibu na ribiti, ile pini inayoshika wembe kwenye mpini. Herufi zikiwa zimefifia na kona zote za chuma zimekuwa za mviringo, huo umepitishwa kwenye mashine ya kung'arisha. Hicho ni chuma cha kaboni na makali yake ni membamba mno, mashine ikiyapasha moto ule ugumu unatoka na haurudi kwa kunoa. Chuma kilichoungua huwa kinageuka rangi, kahawia au bluu, lakini aliyeunguza anaendelea kung'arisha mpaka rangi inafutika, kwenye picha huoni kitu! Mimi nanunua wenye madoa ya kijivu na chapa inayosomeka kabla ya huo unaometameta.

Kutu nayo ina sehemu zake. Madoa ubavuni sio shida. Vishimo vyeusi milimita moja mbili kutoka kwenye makali ndio shida, maana ukinoa unavifikia na makali yanamegukia hapohapo. Omba picha ya pale kwenye ribiti na ya ndani ya mpini, huko maji hukaa na hakuna anayepafuta. Ufa ndio mgumu kuuona kwa picha, mwombe akutumie video akiyapitisha makali taratibu juu ya ukucha wa dole gumba, penye ufa utaona chuma kinacheza au kinakwaruza. Kama haelewi unachosema basi hata hilo neno lake la "tayari kunyolea" lisikubabaishe.

Mtu_wa_Kisauni
Hamjagusa mpini na mimi hapo ndipo panaponiuma. Mpini mweupe uulizie vizuri. Zile za Sheffield za karne ya 19 nyingine mipini yake ni pembe za ndovu, na Zanzibar ndio ilikuwa soko kubwa la pembe upande wetu huu enzi hizo, watu walizibeba mabegani kutoka bara. Biashara ya kimataifa ilifungwa na CITES, ule mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1990, eBay hawaruhusu, na hapo Uingereza sheria ya pembe za ndovu ilianza kufanya kazi 2022. Inaachia vitu vya kabla ya 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10 na viandikishwe, sasa mpini mzima wa pembe unaingiaje hapo? Ndio maana wengine wanaandika "mfupa". Mfupa halisi una vidoa na vimistari vyeusi vidogo, ukiona mweupe laini usio na vidoa hivyo muulize moja kwa moja ni nini. Na ukija nyumbani usithubutu kuubeba, Kenya hawana mchezo na pembe za ndovu.

Kama ni seluloidi, yaani plastiki ile ya zamani, angalia kama imepasukapasuka au imepata ukungu. Ikianza kuoza inatoa mvuke wenye asidi, wembe unakula kutu ukiwa umefungwa tu kwenye droo, na nyembe za jirani nazo zinaambukizwa.

Mnyoaji_Bham
Asanteni sana. Kanitumia picha nyingine, mpini ni pembe nyeusi ya ng'ombe. Mgongo uko sawa pande zote, ila neno BUTCHER limebaki nusu, na video hataki kutuma. Kuna mwingine nimeupata wa Solingen, Ujerumani, 5/8, umechakaa rangi ila chapa inasomeka yote na rula inakaa sawa.

Dada_wa_Solingen
Wa kwanza uache mdogo wangu. Huo wa Solingen mwambie aupige picha makali yakiwa yameelekea kamera, taa ikiwa juu. Makali mazima hayarudishi mwanga, ukiona vinukta vinameta hapo ndipo yalipomeguka. Vinukta viwili vitatu vidogo vinatoka kwenye jiwe, pengo la milimita usilipokee.

Fundi_Makali
Na bei uliyopanga toa humohumo hela ya kunolewa, kuna watu UK unawatumia kwa posta wanakunolea. Mwambie muuzaji aufunge kwa utepe usifunguke njiani, nyingi zinameguka ndani ya bahasha.