Naomba ushauri: mfuko wa bastola kwa mwanamke

Wakuu habari. Nauliza hasa kina dada wanaomiliki kihalali. Nanunua mahindi soko la Kibaigwa, bastola ninayo na leseni ninayo. Shida ni mfuko wa kuibebea. Nilionao ni wa ngozi, wa kuchomeka kiunoni ndani ya suruali. Nikikaa kwenye gari mpaka Dodoma mjini mpini unanichoma mbavuni, na nyonga zinausukuma utokeze. Hapo ni siku ya suruali, nikivaa dera ndiyo basi kabisa. Mkoba wa mkononi sitaki, ukikwapuliwa silaha imeenda.

Nimesikia kuna mkanda mpana wa lastiki, unafungwa tumboni. Triga inafunikwa vizuri? Na jasho halileti kutu? Mume wangu anasema nitazoea. Yeye hana nyonga.